Adolphus Busch: mhamiaji wa Kijerumani aliyejenga kiwanda cha bia nchini Marekani, na urithi wake uliofika Guangzhou

Kando ya Mto Zhujiang, ambao jina lake lina maana ya Mto wa Lulu, katika eneo la Haizhu mjini Guangzhou, kusini mwa China, kuna jumba la makumbusho linaloeleza historia ya bia. Jumba hilo lilijengwa na Kampuni ya Bia ya Zhujiang, iliyoanzishwa mwaka 1985, na lilipewa jina la pamoja la kampuni hiyo na mshirika wake wa kigeni, InBev ya Ubelgiji. Mwaka 2008 mshirika huyo aliinunua kampuni ya Anheuser-Busch ya Marekani, yenye kutengeneza bia ya Budweiser. Hivyo kiwanda cha umma cha mji wa Guangzhou na kiwanda kilichokuzwa na mhamiaji wa Kijerumani karibu na ukingo wa Mto Mississippi katika karne ya 19 vikajikuta vimekuwa jamaa. Mhamiaji huyo ni Adolphus Busch.

Busch alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1839 huko Kastel, mji mdogo unaotazamana na mji wa Mainz, ng'ambo ya Mto Rhine. Alikuwa mtoto wa 21 kati ya watoto 22 wa mfanyabiashara tajiri, Ulrich Busch, aliyekuwa akiuza mvinyo na vifaa vya kutengenezea pombe. Kuzaliwa katika nyumba ya tajiri hakukuwa na faida kubwa kwa mtoto wa 21, kwani urithi wowote ungegawanywa vipande vidogo sana. Hata hivyo alipata elimu nzuri, ikiwa ni pamoja na masomo nchini Ubelgiji, na alijifunza lugha kadhaa. Mwaka 1857, akiwa na umri wa miaka 18, alivuka bahari ya Atlantiki na kufika St. Louis, mji wa jimbo la Missouri, ambako baadhi ya kaka zake walikuwa wamekwisha kutangulia.

Mji huo haukuwa mgeni kwa Wajerumani. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kushindwa katika nchi za Ujerumani, maelfu ya watu walihamia Marekani, na sensa ya mwaka 1860 ilionyesha kuwa karibu theluthi moja ya wakazi 160,000 wa St. Louis walizaliwa Ujerumani. Walikuwa na magazeti yao, makanisa yao, vilabu vyao vya kuimba na, bila shaka, bia yao. Viwanda vya bia vilikuwa takriban 40. Sababu moja ilikuwa ardhini. Bia ya lager ambayo Wajerumani waliipenda huchachuka polepole kwa hamira inayofanya kazi kwenye baridi, na baadaye hutakiwa kukaa wiki nyingi mahali pa baridi ili ikomae. Chini ya St. Louis kuna mapango ya mawe ya chokaa, na wakati wa majira ya baridi Mto Mississippi ulitoa barafu. Kabla ya mashine za baridi kuvumbuliwa, aliyekuwa na pango na barafu alikuwa na kiwanda.

Kijana Busch alianza kwa kazi ya ukarani katika biashara za kando ya mto. Baba yake alipofariki dunia, alitumia fungu lake la urithi kuanzisha, pamoja na mwenzake Ernst Wattenberg, duka la kuuza kimea, hopi na vifaa vingine kwa watengenezaji wa bia. Miongoni mwa wateja wake alikuwa Eberhard Anheuser, mzaliwa wa Kreuznach, aliyetajirika kwa kutengeneza sabuni na mishumaa. Bw. Anheuser hakuwa fundi wa bia. Alikuwa mmoja wa wadai wa kiwanda kidogo kilichoitwa Bavarian Brewery, kilichoanzishwa mwaka 1852 na George Schneider, na kiwanda hicho kilipofilisika alikichukua mwaka 1860 kwa kushirikiana na mfamasia mmoja, William D'Oench. Kwa hiyo wanaosema kuwa Busch ndiye mwanzilishi wa kiwanda hicho wanasema kweli nusu: kuta zilijengwa na Schneider, deni lililipwa na Anheuser, na lililobaki, yaani karibu kila kitu, lilifanywa na Busch.

Tarehe 7 Machi mwaka 1861 Adolphus Busch alimwoa Lilly, binti ya Anheuser. Siku hiyo hiyo kaka yake Ulrich alimwoa Anna, dada wa bibi harusi. Mwezi uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini Marekani. Missouri lilikuwa jimbo lenye utumwa, lakini Wajerumani wengi wa St. Louis walisimama upande wa serikali ya muungano, na Busch alijiunga nao kwa muda wa miezi mitatu ya utumishi wa kujitolea. Katikati ya miaka ya 60 ya karne ya 19 aliingia rasmi katika kiwanda cha baba mkwe wake, na mwaka 1869 alizinunua hisa za D'Oench.

Inasimuliwa kuwa bia ya kiwanda hicho wakati huo ilikuwa mbaya kiasi cha kuwakera wanywaji wenyewe. Iwe ni kweli au ni utani wa washindani, Busch hakuanza kwa kuisifu, bali alianza kwa kuuliza swali ambalo watengenezaji wengi wa mji huo hawakujiuliza: bia inaweza kusafiri umbali gani kabla ya kuharibika? Wakati huo bia ilikuwa bidhaa ya mtaani. Ilitengenezwa hapa, ikanywewa hapa, na pipa likipelekwa mbali kwenye joto liligeuka kuwa chachu isiyofaa. Mtengenezaji aliyekuwa na majirani wengi aliuza sana, na aliyekuwa na majirani wachache aliuza kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoishia.

Jibu la Busch lilikuwa na sehemu tatu, na hakuna hata moja aliyoivumbua mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa njia ya mwanasayansi wa Ufaransa Louis Pasteur, ya kupasha kinywaji moto kwa kiasi ili kuua vijidudu vinavyokiharibu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kiwanda cha St. Louis kilikuwa miongoni mwa viwanda vya mwanzo nchini Marekani kuitumia njia hiyo kwa bia iliyotiwa kwenye chupa, wakati ambapo watengenezaji wengi waliuza kwa mapipa tu. Ya pili ilikuwa mabehewa ya treni yenye barafu. Busch alijenga kundi la mabehewa yake mwenyewe na maghala ya barafu kandokando ya reli, ili barafu iliyoyeyuka njiani iongezwe kabla bia haijapata joto. Ya tatu ilikuwa mashine za kutengeneza baridi, ambazo ziliwaondoa watengenezaji wa bia katika mapango. Kila sehemu peke yake ilikuwa gharama kubwa. Zikiunganishwa, bia ya St. Louis iliweza kunywewa Texas, jimbo lenye joto kali, ambako hapakuwa na mapango wala mito yenye barafu, na ambako Busch alipata mojawapo ya masoko yake makubwa.

Mwaka 1876 alianza kutengeneza bia ya Budweiser, na hapa kuna jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Bia hiyo mwanzoni haikuwa mali yake. Ilikuwa wazo la rafiki yake Carl Conrad, mwagizaji wa mvinyo na pombe, aliyetaka bia nyepesi na angavu mfano wa zile za Bohemia. Busch aliitengeneza, na Conrad aliitia kwenye chupa na kuiuza kwa jina lake. Conrad alipofilisika mwaka 1883, Busch, ambaye alikuwa mmoja wa wadai wake, alichukua haki ya kuiuza, na mwaka 1891 alizipata haki zote za jina hilo. Baba mkwe alipata kiwanda kwa njia ya deni, na mkwe akapata jina la bia kwa njia hiyo hiyo.

Jina lenyewe lilileta mgogoro usiokwisha. Budweiser kwa Kijerumani ni "ya Budweis", na Budweis ni mji wa Bohemia ambao leo unaitwa České Budějovice katika Jamhuri ya Cheki, na ambao watu wake wamekuwa wakitengeneza bia tangu zama za kati. Kiwanda cha Budvar kilianzishwa huko mwaka 1895, karibu miaka 20 baada ya Budweiser ya Marekani, lakini kwa hoja kwamba jina la mji ni la mji. Makubaliano ya kugawana masoko yalifikiwa mwaka 1911, na hayakuzuia kesi kuendelea katika mahakama za nchi nyingi kwa zaidi ya karne moja.

Katika mapishi yake Budweiser ilitumia mchele pamoja na kimea cha shayiri. Wapenzi wa bia wa Ujerumani waliona jambo hilo kuwa kasoro, lakini lilikuwa na sababu ya kiufundi. Shayiri ya Marekani ilikuwa na protini nyingi iliyoifanya bia kuwa nzito na yenye ukungu, na mchele uliifanya iwe nyepesi na angavu. Bia ya Zhujiang ya Guangzhou pia hutengenezwa kwa maji, kimea, mchele na hopi. Katika mkoa wa Guangdong, wenye joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ambako mchele ni chakula cha kila siku, hakuna aliyehitaji kufundishwa hilo na watu wa St. Louis.

Mwaka 1879 jina la kampuni lilibadilishwa ili liyabebe majina yote mawili, Anheuser na Busch, na mwaka uliofuata Bw. Anheuser alifariki dunia. Kuanzia hapo Adolphus Busch alikuwa mtawala wa kiwanda bila mshindani wa ndani. Aliingia katika biashara za chupa, barafu, makaa ya mawe na reli, ili asimtegemee mtu mwingine kwa kitu chochote ambacho bia yake ilikihitaji. Mwaka 1897 alinunua kutoka kwa Rudolf Diesel haki za kutengeneza injini yake nchini Marekani, na mwaka uliofuata injini ya kwanza ya dizeli iliyojengwa Marekani kwa ajili ya kazi ya kibiashara iliwekwa katika kiwanda chake cha bia. Mwaka 1901 kiwanda kilivuka mapipa milioni moja kwa mwaka, sawa na lita zipatazo milioni 117.

Alikuwa pia hodari wa kujitangaza. Mawakala wake waligawa visu vidogo vya mfukoni vyenye tundu, na aliyechungulia ndani aliiona picha ya Busch mwenyewe. Mwaka 1896 kampuni ilianza kusambaza katika baa za Marekani picha kubwa iliyochapishwa ya vita ambavyo Jenerali Custer aliuawa na Wahindi Wekundu, na chini yake jina la kampuni. Picha hiyo ilitundikwa katika maelfu ya baa, na Wamarekani wengi waliijua historia hiyo kutokana na tangazo la bia, wala si vitabu vya shule.

Katika maisha yake ya nyumbani aliishi kama mtoto wa mfalme. Alikuwa na majumba St. Louis, Pasadena katika jimbo la California, na nchini Ujerumani, ambako nyumba yake ya mashambani iliitwa Villa Lilly kwa heshima ya mke wake. Walijaliwa watoto 13. Alitoa misaada kwa wingi: baada ya tetemeko la ardhi la San Francisco la mwaka 1906 alitoa mchango mkubwa, na alichangia ujenzi wa jumba la sanaa ya Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kwake yeye hapakuwa na mgongano kati ya kuwa Mmarekani na kuwa Mjerumani. Alizungumza Kijerumani, alirudi Ujerumani mara kwa mara, na baadhi ya mabinti zake waliolewa huko.

Katika miaka yake ya mwisho kazi iliyomchukulia muda mwingi haikuwa kutengeneza bia bali kuitetea. Tangu kuanzishwa kwa jumuiya ya kupinga baa mwaka 1893 katika jimbo la Ohio, vuguvugu la kutaka pombe ipigwe marufuku lilikuwa likikua mwaka hadi mwaka. Busch alitoa hoja kwamba bia ni kinywaji cha kiasi na cha familia, na kwamba adui ni pombe kali. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli fulani, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: viwanda vya bia vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vikimiliki au kugharamia maelfu ya baa ambazo wanawake na makanisa walizilalamikia kwa kuwafukarisha waume na kuvunja nyumba. Watengenezaji wa bia hawakuwa tayari kuzifunga, na wapinzani wao hawakuwa tayari kutofautisha glasi ya bia na chupa ya wiski.

Adolphus Busch alifariki dunia tarehe 10 Oktoba mwaka 1913 katika nyumba yake ya Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 74. Mwili wake ulisafirishwa kwa meli na treni hadi St. Louis, na alizikwa katika makaburi ya Bellefontaine mbele ya umati mkubwa wa watu. Hakuiona vita iliyozuka chini ya mwaka mmoja baadaye.

Mjane wake aliiona. Lilly Busch alikuwa Ujerumani vita vilipoanza, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 alikuwa bado huko. Mzaliwa wa Marekani, mama wa mmiliki wa kiwanda kilichonunua hati za mkopo wa vita wa serikali ya Marekani, aligeuka mtu wa kushukiwa. Aliporejea mwaka 1918, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alizuiliwa bandarini Key West katika jimbo la Florida, akahojiwa na kupekuliwa mwilini. Mali yake ilikuwa imewekwa chini ya afisa wa serikali aliyeshughulikia mali za maadui, na alirudishiwa baada ya vita. Katika miaka hiyo hiyo chuki dhidi ya Wajerumani iliwapa wapinzani wa pombe silaha waliyoikosa, kwani majina ya viwanda vikubwa vya bia yalikuwa ya Kijerumani karibu yote. Marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa nchini kote mwezi Januari mwaka 1920.

Viwanda vingi vya bia vilifungwa moja kwa moja. Kampuni ya Anheuser-Busch, ikiongozwa na August, mwana wa Adolphus, iliponea chupuchupu kwa kuuza hamira ya mikate, sharubati ya kimea, aiskrimu, na bodi za magari yenye majokofu. Ni wazi kuwa elimu ya baridi na hamira aliyoiacha mzee ndiyo iliyowalisha wanawe katika miaka ambayo bia yenyewe ilikuwa haramu. Bia iliruhusiwa tena mwezi Aprili mwaka 1933, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote nchini Marekani.

Njia ya kuelekea China ilifunguliwa mwaka 1993, kampuni hiyo iliponunua asilimia 5 ya hisa za kiwanda cha Tsingtao cha mji wa Qingdao. Kiwanda hicho nacho kilianzishwa mwaka 1903 na kampuni ya Wajerumani na Waingereza, wakati Qingdao ilipokuwa chini ya ukoloni wa Ujerumani. Tofauti ni kwamba Wajerumani wa St. Louis walikwenda kama wahamiaji waliotafuta riziki, na wale wa Qingdao walikwenda nyuma ya manowari. Mwaka 1995 Budweiser ilianza kutengenezwa mjini Wuhan, na baadaye kiwanda kikubwa kilijengwa Foshan, mji jirani na Guangzhou.

Guangzhou yenyewe ilikuwa imechagua njia nyingine. Kampuni ya Zhujiang ilianzishwa kama kampuni ya umma, ikanunua mitambo na ufundi kutoka Ulaya, na kushirikiana na Wabelgiji bila kuwauzia usukani. Jina lake lilivuma mwishoni mwa miaka ya 90 kwa bia isiyopashwa moto, ambayo vijidudu vyake huondolewa kwa kuchujwa kwenye utando wenye matundu madogo sana, ili ladha mbichi ibaki. Jambo ambalo Busch aliona kuwa la lazima ili bia isafiri, yaani moto, mafundi wa Guangzhou waliliondoa, na bia yao ikasafiri vilevile. Mwaka 2010 hisa za kampuni hiyo ziliingia katika soko la hisa la Shenzhen.

Mwezi Novemba mwaka 2008 familia ya Busch ilipoteza kampuni yake. InBev iliinunua kwa dola za Kimarekani bilioni 52, na watu wa St. Louis walioandamana kupinga mauzo hayo hawakuweza kuyazuia. Kampuni mpya, AB InBev, iliuza hisa zake za Tsingtao mwaka 2009, lakini ilizibakiza zile za Zhujiang, na ikaendelea kuwa mwanahisa wa pili kwa ukubwa, huku mashirika ya umma ya Guangzhou yakishika nafasi ya kwanza. Mwaka 2016 AB InBev iliinunua pia kampuni ya SABMiller. Ili kuwaridhisha wasimamizi wa ushindani wa China, iliuza hisa za SABMiller katika bia ya Snow, iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote nchini humo. Upande wa Afrika Mashariki haikuuza kitu: kampuni ya bia ya Tanzania, yenye kutengeneza Safari na Kilimanjaro, na kampuni ya Nile ya Uganda, ziliingia katika kundi hilo hilo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayefuata bidhaa Guangzhou, akiagiza Kilimanjaro nyumbani au Budweiser katika mgahawa wa mtaa wa Xiaobei, analipa katika mfuko mmoja.

Kiwanda cha Zhujiang cha kando ya mto kimehamishiwa eneo la Nansha, kusini zaidi mwa mji, na uwanja wake wa zamani umegeuzwa kuwa mahali pa migahawa na burudani za usiku. Kiwanda cha matofali mekundu cha St. Louis bado kinatengeneza bia mahali pale pale.